Filimbi ya injini ndogo ya mvuke (Mamod) inapuliza mvuke tu, hailii. Inatengenezeka au ninunue mpya?

Mhamiaji_Leicester (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Najua humu wengi ni watu wa magari na majenereta, lakini fundi wa vitu vidogo hakosekani.

Niko Leicester, Uingereza. Jumapili kuna soko la wazi ambako watu wanafungua buti la gari na kuuza vya zamani vilivyowajazia stoo. Nimepata hapo injini ya mvuke ya kuchezea, Mamod ya kukaa mezani: boila ya shaba ya njano imelala, silinda moja ya kuchezacheza, gurudumu zito pembeni, kitako cha bati rangi imebabuka. Kwa msiozijua, Mamod zilianza Birmingham mwaka 1937 chini ya Geoffrey Malins, na jina lenyewe limetoka kwenye jina lake. Yangu ina kichomeo cha spiriti chenye tambi, kwa hiyo naiweka kabla ya katikati ya miaka ya 1970, walipohamia vidonge vikavu vya mafuta.

Injini inazunguka vizuri. Shida ni filimbi. Nikibonyeza wenzo wake inatema maji, halafu inapuliza "shhhh" bila mlio. Nikiachia, haifungi. Inaendelea kuvujisha mvuke, na matone yanadondokea kichomeo hadi moto unayumba.

Mtandaoni kuna filimbi mpya za kuweka badala yake. Ila roho inataka ibaki ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Nifanyeje?

Spana_Namba_Kumi

Mkuu hilo tundu limeziba tu. Chukua sindano ya cherehani, panua kidogo, italia yenyewe. Usimpe mzungu hela ya bure.

Fundi_Saa_Makadara

Spana, hapana. Mhamiaji, iweke hiyo sindano mbali kabisa na filimbi yako.

Mimi ni fundi saa hapa Mombasa, na vijiinjini hivi vimepita mezani kwangu, vingine vililetwa na familia ambazo babu zao walivinunua kwa Waingereza waliokuwa wanafunga virago. Usinunue kitu kwa sasa. Filimbi ya namna hii haina cha kufa. Ila hapo una magonjwa mawili: valvu haifungi, na mdomo haupati mvuke inavyotakiwa. Ukiyatibu kama ugonjwa mmoja utahangaika.

Anza na kuelewa mlio unatoka wapi. Ndani ya kile kijibomba kuna kizibo cha shaba ambacho upande mmoja kimechongwa bapa. Kati ya ule ubapa na ukuta wa bomba unabaki upenyo mwembamba. Mvuke unapita hapo umebanwa, unatoka kama utepe, unagonga ukingo wa mdomo uliokatwa mbele yake. Hapo utepe unayumba, mara uingie bombani, mara utoke nje, na huko kuyumba ndiko kunakotikisa kilichomo bombani hadi kilie. Utepe ukiwa mnene kupita kiasi, au ukaukosa ukingo kwa unene wa unywele, unabaki na "shhhh" yako. Sasa upenyo ukishapanuliwa kwa sindano, hakuna wa kuurudisha. Hapo ndipo utakapolazimika kununua mpya kweli.

Kipimo cha kwanza hakihitaji moto. Ifungue filimbi, chomeka shina lake kwenye mpira mwembamba, hata ule wa pampu ya tangi la samaki, shikilia wenzo wazi, puliza kwa mdomo. Ikilia, mdomo ni mzima na kosa liko kwenye mvuke wenyewe: umelowa maji au njia yake ni finyu. Isipolia, kosa liko kwenye kizibo au ukingo.

Kuifungua nako kuna adabu yake. Boila hizi zimeungwa kwa lehemu laini. Lehemu ya bati na risasi huanza kuyeyuka karibu nyuzi 183, wakati mvuke wenye mgandamizo wa baa moja na nusu uko kwenye nyuzi 127 hivi. Ikiwa kazini na maji yamo, haina wasiwasi. Hatari ni boila kukaukia motoni, au fundi mwenye haraka kuipiga moto wa gesi ili filimbi ilegee. Wewe mwagia shingoni maji yaliyochemka, weka tone la mafuta ya kulegezea kutu, iache ilale hadi asubuhi. Boila ishike kwa kiganja na kitambaa, usiibane kwenye jiliwa (kibanio cha mezani). Spana ishike shina la filimbi chini kabisa, kamwe isishike bomba. Ikidai nguvu kuliko mkono wako, rudia maji ya moto.

Mjukuu_wa_Fayamani

Uzi mtamu huu. Babu alikuwa fayamani wa reli, mtunza moto wa garimoshi, na anasema honi ya mvuke ya zile Garratt, yale magarimoshi makubwa, ilikuwa inasikika kabla hujauona moshi. Mlio mzito. Hizi za kuchezea mbona zinalia kama panya? Hata ikipona, si itakuwa kelele tu?

Walio Nairobi wanaotaka kuona mama mtu wa hizi, nendeni makumbusho ya reli mkaione Garratt namba 5918, Mount Gelai. Ni ya daraja la 59, zilitengenezwa 34 na Beyer, Peacock wa Manchester katikati ya miaka ya 1950, kila moja ikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki.

Fundi_Saa_Makadara

Mjukuu, msalimie babu. Zilipita hapa kwetu hizo, zikichoma mafuta mazito badala ya makaa.

Uzito wa mlio unatokana na urefu wa bomba. Bomba lililozibwa upande mmoja hutoa wimbi lenye urefu mara nne ya urefu wake. Tuseme la Mhamiaji ni milimita 30. Wimbi ni milimita 120. Sauti hewani husafiri karibu mita 343 kwa sekunde. Gawanya, unapata mitetemo kama 2,900 kwa sekunde. Lakini kwenye mvuke wa nyuzi 100 sauti husafiri karibu mita 470, kwa hiyo bomba lile lile linapanda hadi 3,900 hivi. Ndiyo maana ukiipuliza kwa mdomo na ukiipa mvuke hupati sauti moja. Asishtuke mtu akadhani ameiharibu. Filimbi ya garimoshi ina bomba refu mara nyingi zaidi, na boila ya kulilisha.

Na kelele ya panya ina raha yake, mwulize aliyekuwa mtoto.

Mwl_Zuhura_Kemia

Naomba niingie upande wa ukoko, maana naona hakuna aliyeugusa.

Hayo magamba meupe utakayoyakuta ndani ya shina ni chokaa ya maji magumu. Maeneo mengi ya kusini na mashariki mwa Uingereza maji ya bomba yana chokaa nyingi, na kila kinachochemshwa humo kinabaki na ganda. Usilikwangue. Koroga kijiko cha chai cha unga wa asidi ya sitriki kwenye kikombe cha maji ya moto, zamisha filimbi bila springi wala washa zake. Utaona vipovu, hiyo ni kaboni dioksidi inatoka. Vipovu vikiisha, kazi imeisha, itoe. Suuza, ichovye kwenye maji yenye magadi soda kidogo, suuza tena.

Usiilaze humo usiku kucha. Shaba ya njano ni mchanganyiko wa shaba na zinki, na asidi ikipewa muda hula zinki kwanza. Ukiona sehemu zimegeuka za waridi, jua zinki imeondoka juu na umebaki na shaba tupu yenye vinyweleo. Siki nayo hufanya hivyo, na watu huiamini sana kwa kuwa ni ya jikoni.

Kuanzia sasa boila ipewe maji yaliyokenekwa au ya mvua yaliyochujwa. Kwa walio nyumbani, maji ya kuongezea betri yanafaa, ila soma chupa vizuri: kwenye maduka ya vipuri maji na asidi ya betri huuzwa rafu moja, wakati mwingine chupa zinafanana. Ukitia asidi kwenye boila na kuiwasha, sitaki kufikiria.

La mwisho. Kama tambi au sufi ya ndani ya kichomeo ni ya asili, nyeupe-kijivu na yenye nyuzinyuzi, ichukulie kuwa ni asbesto mpaka ithibitike vinginevyo. Usiichambue ikiwa kavu. Iloweshe, ifunge kwenye mfuko, peleka wanakopokea taka hatarishi, weka tambi mpya ya pamba au ya nyuzi za kioo.

Mhamiaji_Leicester

Mwalimu, nimeshukuru sana, hilo la tambi sikulijua. Nimeitoa ikiwa imelowa.

Filimbi imefunguka kwa maji ya moto kama Fundi alivyosema. Picha nimeweka. Ile ya pili itazameni vizuri. Kwenye bomba kuna alama za meno ya koleo, pande mbili, za zamani maana zimeshakuwa nyeusi. Nikimulika mdomoni kwa tochi, ule ubapa wa kizibo siuoni mbele ya mdomo. Umekaa pembeni, kama robo ya mzunguko. Nikipuliza kwa mpira, hewa inatoka na hailii.

Kwenye valvu kuna gololi ndogo na springi imekula kutu hadi imekuwa fupi. Kiti cha gololi kina ganda jeupe na mkwaruzo mmoja.

Fundi_Saa_Makadara

Hiyo picha ya pili imemaliza kesi. Kuna mtu zamani alitaka kuifungua, akaibana kwa koleo kwenye bomba badala ya shina. Shina lilikuwa limeganda, bomba likazunguka peke yake juu ya kizibo. Tangu siku hiyo mvuke unatoka upande mmoja na mdomo uko upande mwingine.

Kurudisha: tafuta kipande cha mti mgumu, toboa tundu la ukubwa wa bomba, kisha kipasue katikati ya tundu. Umepata mataya mawili ya mbao yatakayolikumbatia bomba bila kuliponda. Libane hapo taratibu kwenye jiliwa, pasha kwa maji ya moto, zungusha shina kwa spana hadi ubapa uje katikati ya mdomo. Zungusha kuelekea upande ulio mfupi, usiende mzunguko mzima, bomba litalegea likose kushika.

Kisha kata utepe mwembamba kwenye kopo la soda. Bati lake lina unene wa kama sehemu ya kumi ya milimita. Lainisha kingo zake kwa msasa, upitishe kwenye upenyo kutokea upande wa mdomo. Unataka upite kwa ulaini uleule kushoto, kati na kulia. Unapokwama ndipo pana ganda lililobaki au bomba limebonyea. Ganda unalitoa kwa kijiti cha meno kilicholowa asidi ya Mwalimu. Palipobonyea, sukuma kwa ndani kwa kijiti cha mti, kidogo kidogo.

Ukingo wa mdomo uangalie kwa lenzi. Ukiwa umepinda ndani au nje, unyooshe kwa ukucha wa mti, halafu pitisha msasa namba 1000 uliobandikwa kwenye kijiti bapa, kwa nje tu. Ukingo uwe mkali lakini usiwe na kinyuzi cha chuma kinachoning'inia. Na usiusogeze nyuma kwa tupa. Nafasi kati ya upenyo na ukingo ikiongezeka, filimbi itadai mvuke mwingi ambao hicho kiboila hakina.

Kiti cha valvu: ondoa ganda, weka gololi ya chuma cha pua ya ukubwa ule ule, simamisha juu yake kijiti cha shaba, gonga mara moja kwa nyundo nyepesi. Gololi itachora duara lake kwenye shaba na kufuta ule mkwaruzo. Kisha gololi hiyo itupe, weka nyingine mpya, maana uliyoigonga inaweza kuwa imepata alama.

Spana_Namba_Kumi

Kwenye springi nisikilizeni basi. Springi ya kalamu ya wino, ile ya kubonyeza. Ukubwa huo huo, unakata kipande. Nimewekea watu kwenye stovu za mchina zikafanya kazi.

Fundi_Saa_Makadara

Hapo umepatia nusu. Upana utafaa. Lakini nyingi za kalamu ni chuma cha kawaida, na ndani ya filimbi ni mvuke na unyevu kila siku. Itakula kutu kama iliyotoka, na kutu itaharibu kiti tulichotoka kukitengeneza. Kwa majaribio weka. Ya kudumu iwe ya chuma cha pua au ya bronzi.

Mhamiaji_Leicester

Springi ya chuma cha pua nimeipata. Kabla sijawasha, kuna mtu kwenye soko aliniambia nifungue na valvu ya usalama niisafishe hivyo hivyo, niibane kidogo springi yake ili boila ipate nguvu na filimbi ilie zaidi. Mnasemaje?

Fundi_Saa_Makadara

Huyo mtu usimrudie.

Filimbi ya zamani itunze, ina historia. Valvu ya usalama ya zamani usiitunze kwa historia. Springi yake imechoka bila wewe kuona, na hakuna njia ya mezani ya kujua inafunguka kwenye baa ngapi. Hela uliyookoa kwenye filimbi nunua valvu mpya iliyotengenezwa kwa modeli yako, ile ya zamani weka kwenye kisanduku pamoja na karatasi zake. Kuibana ili kupata nguvu ni kuigeuza bomu la mezani. Na hata mlio hautaongezeka, mgandamizo ukizidi filimbi ndogo huruka kwenye mlio mwembamba wa juu au hunyamaza kabisa.

Halafu boila ya umri huo ijaribiwe kwa maji baridi kabla ya moto. Ijaze hadi juu hewa yote itoke, ziba pa filimbi na pa valvu kwa skrubu zenye washa, ipampu maji hadi mara mbili ya mgandamizo wake wa kazi, iache, tazama kama sindano ya geji inashuka. Maji hayabanwi kama hewa. Kiungo kikiachia kinadondosha tone tu. Ndiyo sababu hatujaribu boila kwa pampu ya baiskeli.

Mwl_Zuhura_Kemia

Naunga mkono, na watoto wakae mbali siku ya kwanza. Moto wa spiriti mchana hauonekani vizuri, ukimwagika mezani mtu anaweza kuweka mkono juu yake.

Mhamiaji_Leicester

Imelia wakuu!

Jaribio la maji baridi lilikwenda salama, valvu mpya imefungwa. Kwa mdomo ililia baada ya kizibo kurudi mahali pake. Kwa mvuke imetoa mlio mwembamba mkali hadi jirani akachungulia. Haivuji tena ikifungwa.

Mambo mawili yamebaki. Mwanzo inatema maji kabla ya kulia. Na nikiishikilia, injini inapunguza kasi hadi inakaribia kusimama.

Fundi_Saa_Makadara

Hongera. Hayo si maradhi.

Maji ya mwanzo ni mvuke uliogeuka tone ndani ya filimbi baridi. Boila ikianza tu kuchemka, ifungue kwa kugusa mara mbili tatu ili ipate joto, matone yatoke mapema. Yakiendelea hata ikiwa ya moto, umejaza kupita kiasi: robo tatu ya boila inatosha, ile robo ya juu ni nyumba ya mvuke. Pia kama uliing'arisha kwa Brasso au ukaiosha kwa sabuni, suuza ndani mara kadhaa. Mabaki ya sabuni yanatoa povu, na povu hupanda hadi kwenye filimbi na silinda.

Injini kupunguza kasi ni hesabu tu ya kiboila kidogo. Filimbi na silinda vinachota chungu kimoja, na filimbi ina mdomo mkubwa. Subiri valvu ya usalama ianze kutoa mvuke, hapo kuna akiba, piga mlio mfupi, acha ijikusanye.

Mpwa_wa_Dortmund

Nimefuata uzi kimya kimya. Mimi nina Wilesco, hawa Wajerumani wa Lüdenscheid, filimbi yake imevunjika shina kabisa, nusu imebaki ndani ya boila. Nikiitoa hiyo nusu, filimbi ya Mamod itaingia?

Fundi_Saa_Makadara

Haiingii. Meno ya skrubu ya Mwingereza ni ya inchi, ya Wilesco kwa kawaida ni M6 (upana milimita 6) yenye hatua ya milimita 0.75 kati ya jino na jino, ambayo ni laini kuliko M6 ya dukani. Ukilazimisha itashika mizunguko ya kwanza, halafu itakula meno ya boila. Wilesco bado wanatengeneza injini, tafuta filimbi yao. Hiyo nusu iliyobaki usiitoboe kwa drili ya mkono. Mwagia maji ya moto, chukua bisibisi bapa ya saa, angalia kama shina lina tundu katikati ambalo unaweza kulichonga ufa wa kushika. Weka picha kwanza kabla hujagusa.